Bei ya Kusema na Bei ya Kupewa

Kina mama wenzangu, hasa nyinyi wenye watoto wanaofanya kazi za hesabu maofisini, haya ninayoandika yalinipata mimi na ningependa yaishie kwangu. Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoyaona, na mtanisamehe nikirudi nyuma kidogo. Jambo moja nalitanguliza kabisa: kuweni waangalifu na mtu anayekuja na kalamu kuuliza mambo ya shamba. Mimi nilimpa uongo mdogo, wa kawaida, uongo ambao kila mtu kwetu anautoa. Uongo huo ukapanda gari, ukafika mjini, ukawekwa kwenye meza moja na nchi za watu kulinganishwa.

Sisi tunalima mahindi. Soko letu ni kila Jumanne, na wanunuzi wanakuja na malori na mizani zao. Sokoni hapo kuna bei mbili. Ya kwanza ni bei ya kupewa, yaani pesa inayoingia mkononi kweli. Ya pili ni bei ya kusema. Ukishauza, ukatoka kwenye mizani, mtu akakuuliza, "Mama, gunia umeuza kiasi gani?" unamtajia bei ya kusema, na hiyo siku zote iko juu.

Aliyeianzisha ni Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake. Ni mwanamke mfupi, sauti yake inafika mbali kuliko yeye. Miaka kumi na sita iliyopita alituita pembeni ya mizani akatuambia, "Nyinyi mnajiua wenyewe. Mmoja akisema ameuza elfu ishirini, yule wa lori la pili amesikia, naye anatoa kumi na nane. Kuanzia leo ukiuza ishirini, sema thelathini. Acha roho imwume yeye."

Tukala kiapo. Atakayetaja bei ya kupewa hadharani atachemsha chai ya kikundi mwezi mzima, peke yake, kwa sukari yake. Wanawake wa vijiji vingine wakasikia, wakaona ni akili, wakaiga. Mwisho soko zima likawa linasema bei ambayo hakuna aliyewahi kuipata. Ilisaidia kidogo. Msimu mwingine tuliongezewa elfu mbili kwa gunia, msimu mwingine hola.

Sasa kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anakuja karani wa takwimu. Mtu mzima, mpole, fomu zake kazitia kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Anakaa kwenye benchi letu, anakunywa chai, anauliza, "Mwaka huu gunia limekwendaje?" Na sisi tunamtajia bei ya kusema bila hata kupepesa macho. Mara moja mimi nilimuuliza Mwenyekiti kama huyu naye tumdanganye, maana hana lori. Akanijibu, "Hana lori, lakini ana kalamu. Unajua anakunywa chai na nani akitoka hapa?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi mjini, kwenye ofisi ya takwimu za kilimo. Jumamosi moja alikuja kutusalimia. Kabla hajavua viatu nilishaona amekonda, nikamwambia. Akasema hajakonda. Nikamuuliza anakula saa ngapi. Akasema, "Mama, ngoja kwanza, nimekuja na kitu." Akasogeza vikombe, akaweka kompyuta yake mezani, akaifungua.

Baba yake akavuta kiti. "Haya, tuone hiyo sinema."

"Si sinema, Baba. Ni kazi yangu ya miaka miwili."

Ilikuwa picha ya mistari ya rangi, inapanda na kushuka. Alitueleza taratibu na mimi nilielewa, kwa hiyo na nyinyi mtaelewa. Unachukua bei anayopata mkulima wa nchi fulani kwa gunia la kilo mia. Unaiweka pembeni ya bei ambayo gunia kama hilo lingefika nayo mpakani likitoka nje. Mkulima akipata zaidi ya ile ya mpakani, maana yake kuna mtu anambeba: serikali inanunua kwa bei nzuri, au inazuia mahindi ya nje yasiingie. Akipata pungufu, basi yeye ndiye anayewabeba wengine. Wanaita msaada wa bei ya soko. Katikati ya picha kuna mstari mweusi uliolala, huo ndio sifuri. Juu yake unabebwa, chini yake unabeba.

"Huu mwekundu ni jirani zetu wa upande wa juu," akasema. "Unaona hapa ulivyoanguka? Mwaka huo walifunga mpaka wakati wa njaa, mahindi yakarundikana ndani, bei ikafa. Mkulima akawa analisha mji kwa mfuko wake. Huu wa kijani ni jirani zetu wa upande wa chini, walianza vibaya, sasa wanapanda polepole. Na huu wa bluu huku juu kabisa ni nchi tajiri, hao mkulima wao amebebwa tangu siku ya kwanza mpaka leo, hata miguu haigusi chini."

Baba yake akacheka. "Na sisi tuko wapi?"

Binti yangu akaweka kidole kwenye mstari wa njano. Ulikuwa juu ya mweusi. Juu ya mwekundu. Juu ya kijani. Ulikuwa unapanda mwaka baada ya mwaka kama mtoto anayelishwa vizuri.

"Sisi tumewashinda majirani wote," akasema, na macho yake yanang'aa. "Hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Mkulima wetu anapata elfu sitini kwa gunia wakati mpakani ni hamsini. Mkuu wa idara amesema Alhamisi nisimame mwenyewe nieleze mbele ya wakubwa wa wizara. Mimi, Mama!"

Sitini. Sitini ni bei ya kusema ya msimu ule. Ya kupewa ilikuwa arobaini na mbili.

"Na wakubwa wakishaona, watafanya nini?" nikamuuliza, na sauti nikaifanya ya kawaida.

"Wana mpango wa kuishusha bei ya serikali. Kwa sababu kama soko tayari linambeba mkulima, ya nini serikali nayo imbebe? Itoke hamsini na tano ije arobaini. Pesa itakayookolewa ijenge barabara."

Niwaeleze hiyo bei ya serikali. Kuna kituo cha kununulia karibu na soko. Kinachukua magunia matano tu kwa kila mkulima, kwa hamsini na tano. Mengine shauri yako na wenye malori. Lakini yale matano ndiyo mbegu ya msimu ujao, ndiyo mbolea, ndiyo sare za shule. Kikundi chetu kina wanawake thelathini na wanne, na ninaweza kuwatajia mmoja mmoja magunia yake matano huwa yanakwenda kununua nini.

Mume wangu alinitazama. Akakohoa. Akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa hapo hapo mlangoni wanatutazama.

Nilitakiwa niseme pale pale. Sikusema. Mtoto alikuwa amefurahi mno, na sikuwahi kumwona amekaa wima vile. Jumapili nikamfungia mayai na karanga, nikamwonya kuhusu jiko lake la gesi, akapanda gari akaenda zake na mstari wake wa njano.

Jumatatu asubuhi nikampigia simu.

"Mama, niko kazini. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ile sitini si kweli."

"Sitini gani?"

"Ya mahindi. Tunamdanganya karani. Miaka yote. Soko zima."

Akacheka. "Mama, umeanza. Uliniambia pia chuoni kuna wezi wa figo."

"Hilo nilisikia redioni. Hili nimelifanya mwenyewe."

Nikamweleza kiapo, nikamweleza bei mbili, mpaka ile ya sukari nikamweleza. Sikusikia tena kicheko. Nikasikia anavuta kiti anakaa.

"Hata mimi, Mama? Nilipokuwa shule uliniandikia mahindi yamelipa."

"Ungeijua bei ya kupewa ungeacha shule ukarudi kunisaidia shamba."

"Ningerudi kweli."

"Ndiyo maana."

Nikamsikia anafungua daftari. Halafu akasema kwa sauti ya ofisini, "Mama, siwezi kusimama mbele ya wizara niseme mama yangu amenipigia simu. Fomu za miaka kumi na sita zipo, zimesainiwa. Una kitu chochote? Kilichoandikwa zamani, si leo?"

Nilikuwa nacho, na hakuna aliyekijua isipokuwa mume wangu. Nyuma ya mlango wa ghala letu, upande wa ndani, kila msimu nilikuwa nakwaruza kwa msumari mwaka, idadi ya magunia na bei ya kupewa. Nilianza kwa kuogopa. Nilijiona nikiisema sana ile bei nyingine, ipo siku nitaiamini, nianze kumuuliza mume wangu pesa iliyobaki kaipeleka wapi.

Nikapiga picha kwa simu nikamtumia. Akajibu: "Naona giza na buibui." Nikapiga nyingine, mume wangu kashika tochi. "Sasa naona kidole cha Baba." Nikamwambia nitayanakili kwenye karatasi safi. Akasema, "Karatasi iliyoandikwa leo nani ataiamini, Mama? Alhamisi wataniuliza kwa nini wino haujakauka."

"Basi nitauleta mlango wenyewe."

"Mama, usilete mlango."

Nikakata simu. Nilishaamua.

Lakini kabla ya kuondoka ilibidi niwaambie wenzangu, kwa sababu siri haikuwa yangu peke yangu. Jumanne sokoni nikawakusanya nyuma ya kituo, nikawaeleza yote, mistari yote, mpaka ule wa bluu. Kwanza walicheka. Mmoja akasema, "Kumbe tumewashinda mpaka majirani! Mwaka ujao tuseme mia, tuikamate na hiyo nchi tajiri." Wakagongana mikono. Nilipofika kwenye arobaini ya serikali, kicheko kikakatika.

Mwenyekiti alisimama. "Kwa hiyo unakwenda kututangaza. Wenye malori wakijua tunatia chumvi, wataanza kutulipa bei gani?"

"Wenye malori wanajua. Wao ndio wanaotulipa! Waliodanganyika ni karani na mtoto wangu."

Hapo wenzangu waliangaliana. Nadhani katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Mwenyekiti mwenyewe akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Na huo mlango wako," akasema baadaye, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "umeandika kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Umevunja kiapo."

"Kiapo kilisema hadharani. Ghalani ni panya tu."

Akakuna shingo. "Mimi nimeandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la nguo. Kwa kalamu. Msinitazame hivyo! Mtu lazima ajue hesabu yake."

Wanawake walicheka mpaka mpima mizani akaja kuuliza kuna nini. Waliobaki tukawauliza mmoja mmoja, na wengi hawakuandika popote, walikumbuka kwa vitu: mwaka wa bati nane, mwaka wa kitanda, mwaka ambao hata chumvi tulipimiana. Lakini mlango na kifuniko vilikuwa vya maandishi, na mimi na Mwenyekiti hatukuwahi kuonyeshana. Tukapatana tuende wawili.

Jumatano alfajiri mume wangu aliung'oa mlango pamoja na bawaba zake, akaziba ghala kwa mabati. Akaniambia, "Kwa hiyo mahindi yatalala bila mlango, na mlango utalala mjini." Akaubeba mpaka barabarani bila kulalamika zaidi ya hapo. Dereva wa lori la vitunguu alitupakia kwa sharti kwamba mlango uwe chini na vitunguu juu. Nilikataa mpaka akalegeza. Nikakaa nyuma na mlango wangu nimeuegemeza kwenye magunia, naushika kila tunapopita shimo, nawaza ukivunjika mtoto wangu amekwisha. Mwenyekiti alikaa mbele na kifuniko cha sanduku mapajani, akimweleza dereva jinsi ya kuendesha.

Tulifika ofisini kwake saa tano. Ni jumba la ghorofa nne, lenye geti na mlinzi kwenye kibanda. Mlinzi akatoka, akatutazama, akautazama mlango.

"Shikamooni kina mama. Mnahamia?"

"Marahaba, baba. Tunakwenda kwa wa takwimu."

"Milango tunayo ya kutosha humu ndani."

Mwenyekiti akamjibu, "Ya kwenu ina vitasa. Huu una hesabu."

"Silaha hakuna?"

"Kuna msumari mmoja, lakini umeshika bawaba."

Akapiga simu juu, anacheka huku anajizuia. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, mlango. Hapana, si fundi. Ni mama yake." Baada ya muda binti yangu akashuka ngazi anakimbia, uso ameukunja kama siku ile nilipomfuata shuleni na sweta. Nikafikiri atanigombeza mbele za watu. Alipofika karibu akaugeuza mlango kwenye jua, akainama, akaanza kusoma. Kidole chake kikapita mwaka baada ya mwaka. Alipofika mwaka aliojiunga na sekondari kikasimama hapo muda mrefu. Magunia kumi na mawili, kumi na nane kila moja.

"Kumi na nane," akasema. "Mkanilipia ada ya mwaka mzima."

"Tuliuza na kitanda," nikasema. "Tulilala chini vizuri tu, palikuwa na ubaridi mzuri."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, ingawa leso nilishamnunulia mara ngapi sijui. Halafu akashika upande mmoja wa mlango, mimi upande wa pili, tukapanda nao ngazi mpaka ghorofa ya tatu, Mwenyekiti akitangulia na kifuniko akisema, "Pisheni, pisheni."

Mkuu wa idara ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Hakucheka. Aliagiza mlango uegemezwe dirishani, akavaa miwani, akakiweka kifuniko cha Mwenyekiti juu ya kiti pembeni yake, akaanza kusoma kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Mwaka wa kumi na moja, mlango unasema ishirini na tisa."

"Kifuniko kinasema ishirini na nane na nusu," akasema binti yangu.

"Niliuza jioni," akasema Mwenyekiti. "Jioni wanakubana."

"Na nyinyi wawili hamkuwahi kuonyeshana haya?"

"Mheshimiwa, angejua nimeandika angenichemshisha chai mwezi mzima," nikasema.

Ilibidi tumweleze habari ya chai. Hapo ndipo pembe ya mdomo wake ilipocheza kidogo. Lakini swali lililofuata lilinitoa jasho. "Hilo soko lenu linauziwa mahindi na vijiji vingapi?"

"Kumi na tisa," nikasema.

Binti yangu akakaa chini. Kazi yake yote ilikuwa ya vijiji thelathini.

Mchana ule aliziondoa zile bei zetu za kusema, akaweka za mlangoni na za kifunikoni, na vile vijiji vingine vya soko letu akavichora kwa nukta nukta maana hana uhakika navyo. Mstari wa njano ukashuka mbele ya macho yangu. Ukapita chini ya kijani. Ukapita chini ya mwekundu. Ukapita chini ya ule mweusi wa sifuri, ukakaa huko peke yake, miaka kumi na sita, isipokuwa msimu mmoja ambapo majirani walikosa mvua wakaja kununua kwetu, ukachungulia juu kidogo na kurudi.

"Kwa hiyo ni sisi tuliokuwa tunawabeba," Mwenyekiti akasema. "Ndiyo maana mgongo unaniuma."

Binti yangu alimgeukia mkuu wake akauliza kama bado kesho atasimama yeye, au asimame mwingine, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosea.

"Utasimama wewe," akasema yule mama. "Utaonyesha mstari wa kwanza, utasema haukuwa sahihi, halafu utaonyesha wa pili. Kama watakuuliza kwa nini hukushtuka mapema, utawajibu nini?"

"Nitasema nilipenda ulivyokuwa unapanda."

"Sema hivyo hivyo."

Tulilala kwenye chumba cha binti yangu, watatu kitanda kimoja. Mpira wa gesi niliukagua. Ulikuwa mzima, lakini kopo la sukari lilikuwa halina mfuniko, nikalifunika. Asubuhi nikamkazania mpaka akanywa uji wote. Alhamisi saa tatu tukakaa mimi na Mwenyekiti kwenye benchi la korido, mlango wetu umeingizwa ndani ya chumba cha mkutano pamoja na binti yangu. Sijawahi kutamani kusikia kama siku ile. Zilikuwa zinakuja sauti za wanaume, nzito, kisha sauti yake nyembamba, kisha kimya. Kuna wakati nikasikia mtu anagonga mbao kwa kidole, ko ko ko, kama anayepima kama ni mbao kweli.

"Wanaugonga," nikamwambia Mwenyekiti.

"Acha wagonge. Umegongwa na mengi."

Kisha wote wakacheka mle ndani. Nikashika mkono wa Mwenyekiti. Sikujua wanacheka naye au wanamcheka yeye, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtu aliye na mtoto ndani.

Alitoka saa sita. Nilimtazama uso, sikuweza kuusoma.

"Sema basi!" Mwenyekiti akafoka.

"Haishuki. Msimu huu bei ya serikali inabaki hamsini na tano."

Mwenyekiti akapiga kigelegele ofisini, ghorofa ya tatu, watu wakatoa vichwa milangoni. Mimi nilikuwa bado namtazama mtoto wangu.

"Na wewe?"

"Mimi kazi yangu imekataliwa. Yote. Nianze upya, vijiji vyote thelathini, niende mwenyewe badala ya karani. Mkubwa mmoja amesema miaka miwili imepotea." Akavuta pumzi. "Halafu mkuu wangu akamwambia ingepotea zaidi kama wangeshusha bei kwanza wakajua baadaye. Sijafukuzwa, Mama. Usinitazame hivyo."

Nilimkumbatia. Kweli amekonda, nilihisi mbavu.

Nasema tena kwenu wenzangu, mkitaka kuwadanganya wenye malori, danganyeni, hiyo ni vita yenu. Lakini aulizaye kwa niaba ya serikali mpelekeni pembeni mkampe ya kweli, kwa sababu yeye haiachi pale sokoni. Anakwenda kuiweka kwenye mstari, na mtoto wa mtu anasimama juu ya mstari huo. Safari hii alikuwa wangu. Tukabahatika, kulikuwa na msumari na mlango.

Tulipokuwa tunashuka ngazi na mlango wetu, binti yangu alisimama ghafla kwenye ngazi ya katikati, nusura mimi na mbao tumwangukie.

"Mama," akasema, "ule mstari mwekundu. Na wa kijani. Zile bei za majirani nazo zimekusanywa na makarani."

"Ndiyo."

"Wameuliza wanawake sokoni."

"Watakuwa wameuliza nani mwingine?"

Akaegemea ukuta. "Kwa hiyo inawezekana na wao..."

"Mwanangu, hao nao si wanauza mahindi?"

Mwenyekiti, aliyekuwa ametangulia chini, akapaza sauti kutoka huko, "Mwambie wale wekundu ninawajua! Dada yangu ameolewa huko! Toa kumi na mbili kwa kila gunia!"

Binti yangu alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa naye, mlango tumeulaza mapajani. Aliponyamaza akasema itabidi aombe ruhusa ya kuvuka mpaka, nchi zote mbili, pengine miezi mitatu. Nikamuuliza kama huko maji yanachemshwa. Nikamuuliza atalala wapi, na nani atamwamsha. Hakunijibu hata moja. Alikuwa ameshatoa daftari, ananiuliza mimi, mama yake wa darasa la saba, atawaulizaje wale wanawake ili wamwambie kweli.

"Usiulize bei," nikamwambia. "Kaa nao, pukuchua nao mahindi, siku mbili, siku tatu. Lalamika kwanza wewe. Watakushinda kulalamika, na bei itatoka humo humo."

Akaandika yote.